Mpapindi wa Pemba na Bustani Zetu za Kivuli

Kila mwaka masika yanapokaribia, wito wa kupanda miti husikika kutoka ofisi za serikali hadi mabaraza ya shule, na wananchi huuitikia. Aprili 1, Siku ya Taifa ya Upandaji Miti, majembe huinuliwa, mashimo huchimbwa na picha hupigwa. Sisi wa safu hii tunauunga mkono wito huo kwa moyo mkunjufu. Lakini tunaona yafaa leo tuulize maswali ambayo hayaulizwi sana siku ya sherehe: Ni mti gani? Upandwe wapi? Na mche wake utoke kwa nani? Maana mti haupandwi kwa hotuba. Hupandwa mahali, na kila mahali pana haki yake.

Tuanzie hapa Chumbageni, kwa kuwa ndipo tulipo. Ua mwingi wa mtaa huu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanga, una mwembe, mwarobaini au mkungu uliopandwa zamani. Chini ya miti hiyo pana kivuli kizito kinachopendwa na wazee kwa mazungumzo na watoto kwa michezo. Lakini mwenye nyumba anapotaka kupapamba mahali hapo hushindwa. Nyasi hazioti, maua hurefuka bila kuchanua, na ardhi hubaki tupu hadi mvua inapokuja kuichukua na kuimwaga mtaroni. Wengine hupeleka pale mche wa mnazi, ukakaa miaka mingi umejikunyata, shingo ndefu na majani machache, ukililia jua lililozuiwa na mwembe. Hapo watu husema udongo ni mbaya. Udongo hauna kosa. Kosa ni la kuchagua mti wa juani na kuupeleka kivulini.

Kabla hatujaendelea, tukubaliane juu ya neno. Kiswahili chetu ni tajiri wa majina ya miti ya namna hii mmoja mmoja: mnazi, mkindu, mtende, mvumo, mkoma, mwale, mchikichi, mpopoo. Kila mmoja una jina lake kwa kuwa kila mmoja una kazi yake. Jina moja la kuikusanya yote halijazoeleka, nasi hapa tutaiita jamaa ya mnazi. Msomaji ataona kwamba karibu yote tuliyoitaja ni miti ya juani. Mnazi ni wa pwani iliyo wazi, mkoma na mvumo ni ya mbugani, na mtende ni wa jangwani penye maji. Mwale hupenda kinamasi. Mkindu peke yake ndio unaoridhika na kivuli cha wastani, kando ya mito na vijito.

Hata hivyo sehemu kubwa ya jamaa hii duniani haiishi juani. Huishi ndani ya misitu, katika ile tunayoweza kuiita ghorofa ya chini, chini ya miti mirefu inayotwaa jua la kwanza. Miti ya ghorofa hiyo imeumbwa kwa mwanga wa kudokolewa. Majani yake kwa kawaida ni mapana na mororo, ili yakamate kila chembe ya nuru inayopenya juu, nayo hukua polepole kwa sababu hula kidogo. Ukiutoa mti wa namna hiyo kivulini na kuuweka juani, hasa ukiwa bado mchanga, majani yake hubadilika rangi na kuungua kingo kana kwamba yamebabuliwa na moto. Kwa hiyo kuna makosa mawili yanayofanana: kupeleka mti wa juani kivulini, na kupeleka wa kivulini juani. Bustani zetu zimejaa yote mawili.

Katika jambo hili bara la Afrika ni maskini. Aina za jamaa ya mnazi zinazoota zenyewe katika bara zima hazizidi sana 65. Kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wetu walikiita Bukini, peke yake kina aina zipatazo 200, na karibu zote hazipatikani pengine popote duniani. Nyingi kati ya hizo ni za misituni, za ghorofa ya chini. Mtu wa Tanga anayetafuta mti wa jamaa hii uliozoea kivuli angedhani hana budi kuvuka bahari kubwa hadi Bukini, au kufika Asia na Amerika. Kumbe hana haja. Akisimama pwani ya Tanga na kuelekeza uso mashariki, upande wa pili wa mkondo, kiasi cha kilomita 50 hivi, kipo kisiwa chenye mti huo. Kisiwa ni Pemba, na mti ni mpapindi.

Mpapindi huota kwa kichaka. Shina lake si moja bali machache yanayochipuka pamoja kutoka chini, membamba, yenye pete pete mfano wa mwanzi mkubwa. Huweza kufika mita 10 na zaidi unapokomaa, lakini huchukua miaka mingi kufika huko, na katika umri wake wa ujana hukaa chini kabisa, kivulini, ukiwa na majani yaliyopinda kwa madaha. Matunda yake ni madogo na mekundu yanapoiva, yenye kupendeza kichanani. Mtaalamu Harold Moore wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ndiye aliyeuandika kitaalamu mwaka 1962, akaupa jina linalokitaja kisiwa chenyewe: Chrysalidocarpus pembanus. Baadaye, mwaka 1995, wataalamu waliuhamishia katika kundi la Dypsis, na mwaka 2022 wakaurudisha katika kundi lake la kwanza. Majina ya wataalamu yamekwenda na kurudi, lakini jina la Pemba halikubanduka. Hauoti wenyewe mahali pengine popote ulimwenguni.

Ndugu zake wa karibu wako Bukini na Visiwa vya Ngazija. Itaulizwa: yawezekanaje mti wenye jamaa zake Bukini ukawa Pemba, na usiwe Tanga wala Unguja? Sehemu ya jibu iko baharini. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa maji mafupi, na zama za barafu kuu, bahari ilipopungua, Unguja iliungana na nchi kavu. Mkondo wa Pemba ni mwingine. Ni shimo la mamia ya mita, na bahari ilipopungua kote duniani Pemba ilibaki kisiwa. Viumbe vyake vikakaa peke yake kwa muda mrefu mno, vikawa watu wa kwao. Ndiyo maana Pemba ina popo wake mkubwa, ninga wake, bundi wake na chozi wake, ambao kwao ni hapo tu. Mpapindi ni wa ukoo huo huo wa wenyeji wa kweli.

Leo mpapindi umebaki katika mabaki ya misitu, hasa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa. Zamani msitu ulifunika sehemu kubwa ya Pemba. Ulipungua kwa sababu ya karafuu. Mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu yake, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo uzito wa karafuu ukahamia Pemba, na kila bonde na kilima kilichofaa kikafyekwa ili kupandwa. Hatuwalaumu waliofyeka, karafuu imesomesha watoto na kujenga nyumba na misikiti. Tunachosema ni kwamba karafuu ilikuwa na gharama yake, na sehemu moja ya gharama hiyo ililipwa na mpapindi. Ngezi ilinusurika kwa kuhifadhiwa kisheria tangu siku za ukoloni, na leo ni hifadhi iliyo chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ukubwa wake ni kama hekta 1,400 hivi. Mti ambao makazi yake makuu ulimwenguni ni eneo ambalo mtu aweza kulizunguka kwa miguu siku moja, huo ni mti ulio hatarini. Na katika orodha ya kimataifa ya viumbe vinavyokabiliwa na kutoweka umeandikwa hivyo.

Sasa tufikie jambo linalotusikitisha. Msomaji akitembelea vitalu vya maua vya miji yetu ataona miche mizuri ya rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, yenye mashina mengi membamba, inayouzwa kwa ajili ya kupamba hoteli, ofisi na kumbi za harusi. Mti huo asili yake ni Bukini, na ni binamu wa mpapindi, wa kundi lile lile. Umesambazwa dunia nzima kwa biashara ya maua. Hatuna ugomvi nao. Ni mti mwema na mvumilivu. Lakini tazameni kinyume chake: huko Florida na Hawaii, na huko Australia, wapenda bustani wanautafuta mpapindi wa Pemba, wanauotesha na kujivunia kuwa nao, ilhali hapa Tanga, mahali ambapo mtu akipanda jahazi asubuhi anaweza kulala Wete, ni vigumu kumpata mtu mwenye mpapindi uani kwake, na wengi hawajalisikia hata jina lake. Waliosema penye miti hapana wajenzi hawakukosea.

Basi na tuzungumze namna ya kuchagua, kwa faida ya mwananchi mwenye ua na ya mtumishi wa serikali mwenye bustani ya umma mikononi mwake. Uimara wa mti si neno moja. Mti imara kwa baridi waweza kuwa dhaifu kwa chumvi, na ulio imara kwa ukame waweza kufa kwa kivuli. Hivyo anayechagua ajiulize mambo manne: kivuli ni kizito kiasi gani, upepo wa bahari unafika au haufiki, maji yanasimama au yanapita, na baridi ya Juni na Julai inashuka hadi wapi.

Liko na jambo la tano, la umbo. Karibu kila shina la jamaa ya mnazi lina kitovu kimoja tu cha uhai, nacho ni kile kilele laini ambacho wagema na wapasuaji wa minazi hukiita shaha. Chonga akiingia hapo na kula, au mtu akikata hapo, shina lote hufa, kwa kuwa halina uwezo wa kuchipua tawi jingine kama mwembe. Mti wa shina moja huweka maisha yake yote katika shaha moja. Mti wa kichaka, kama mpapindi au mkindu, shina moja likifa mengine huendelea. Kwa bustani ya umma, ambapo watoto hucheza na mbuzi hupita, mti wa kichaka una akiba kubwa zaidi ya maisha.

Kwa pwani yetu, yaani Chumbageni na mitaa jirani, na huko Pangani, na visiwani kote, baridi si adui. Hata wakati wa kipupwe, kusi inapovuma, mpapindi hauna cha kuogopa katika hali ya hewa, kwa maana ni ile ile ya kwao. Adui wake ni mawili: jua kali la kaskazi na upepo mkavu wa chumvi. Basi na upandwe nyuma ya nyumba na si mbele ya bahari, chini ya mwembe au mwarobaini, mahali ambapo jua la asubuhi linachungulia na la mchana halifiki. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Tanga, kwa hiyo mche wetu utahitaji kumwagiliwa katika miezi mikavu, na ardhi yake ifunikwe kwa majani makavu, kama msitu unavyojifunika wenyewe. Penye maji yanayosimama, mkindu ndio wenye haki ya kwanza. Mkindu hutupa ukindu wa mikeka na misala, na ni mti wa nchi yetu tangu pwani hadi milimani. Una miiba mikali chini ya majani, kwa hiyo usipandwe kando ya njia ya watoto.

Tukiacha pwani na kupanda Usambara, mambo hubadilika. Amani iko kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko Wajerumani walikoanzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902 na kupanda mimea kutoka pande zote za dunia, na bustani yake imebaki ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1997. Mvua ya Amani na kivuli cha misitu yake vinafanana na vya Ngezi kwa mambo mengi; hata mti uitwao mjoho, ambao ni wa misitu ya Usambara Mashariki, huota pia Ngezi. Hakuna mahali bara panapostahili zaidi kufanyiwa jaribio la mpapindi kuliko hapo, na tungependa wahusika walifikirie jambo hili.

Lushoto ni habari nyingine. Mji uko kiasi cha mita 1,400, majira yake ya joto ni ya upole, na usiku wa Julai watu hulala na blanketi mbili. Huko mpapindi, mtoto wa nchi tambarare yenye joto, hatushauri upelekwe kwanza. Kwa bustani za baridi ya namna hiyo, mkindu unafaa mabondeni, na kati ya wageni ipo mitatu inayovumilia ubaridi pamoja na kivuli. Wa kwanza ni Rhapis excelsa kutoka kusini mwa China, wenye vishina vyembamba kama fimbo na majani kama kiganja kilichokunjuliwa. Wa pili ni jamii ya Chamaedorea ya Meksiko na Amerika ya Kati, miti midogo kabisa inayotosha hata kopo la barazani. Wa tatu ni Howea forsteriana, ambao tutausimulia hivi punde. Uko na wa nne unaosifiwa sana vitabuni kwa kustahimili hata theluji, Trachycarpus fortunei, uliopewa jina la Robert Fortune, Mskochi aliyepeleka miche yake Uingereza kutoka China mwaka 1849. Huo uachwe milimani. Mtu asiupeleke Chumbageni kwa kusoma tu kwamba ni imara. Uimara wake ni wa baridi, na hapa baridi si shida yetu.

Tumeahidi kusimulia habari ya Howea, nasi tunaomba ndugu zetu wa visiwani watusikilize kwa makini, pamoja na maofisa wa pande zote mbili za mkondo. Katika bahari ya mashariki ya Australia kuna kisiwa kiitwacho Lord Howe. Ni kidogo: hakifiki kilomita za mraba 15, yaani karibu sawa na msitu wa Ngezi peke yake, na wakazi wake ni mia chache tu. Kisiwa hicho kilikuwa na mti wake wa jamaa ya mnazi, wa kivulini, usiopatikana pengine popote. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Ulaya waligundua kwamba mti huo huishi hata ndani ya vyumba vyenye mwanga hafifu na baridi, na wote wakautaka. Wenyeji hawakung'oa miti yao na kuisafirisha. Walichuma mbegu, wakaziuza. Mwaka 1913 serikali ya jimbo la New South Wales iliunda bodi ya kuisimamia biashara hiyo, na wenyeji wakawa na mgao wao katika mapato. Mti ulibaki msituni, mbegu zikaenda duniani, na fedha zikarudi kisiwani. Mwaka 1982 kisiwa hicho kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Habari hiyo ina upande wa pili pia, nao tusiufiche. Mwaka 1918 meli moja iitwayo Makambo ilikwama huko, na panya waliokuwamo wakashuka pwani. Wakala mbegu za ule mti, biashara ikatikisika, na aina kadhaa za ndege wa kisiwa zikatoweka kabisa. Zaidi ya miaka 100 ikapita ndipo, mwaka 2019, ikafanywa kampeni kubwa ya kuwatokomeza panya hao. Uzembe wa siku moja bandarini uligharimu karne nzima. Kisiwa chochote chenye bandari, na Pemba inayo, kina la kujifunza hapo.

Kwa hiyo tunapopendekeza mpapindi uenee katika bustani zetu, hatusemi watu waende Ngezi na majembe. La hasha. Tunasema kinyume kabisa. Siku ambayo mti huu utapata jina sokoni pasipo utaratibu, wachimbaji watatangulia mbele ya wapandaji, na msitu mdogo kama ule hauwezi kustahimili msimu mmoja wa ulafi. Tumeona mfano wake pwani hii hii. Mtapo, mmea wa kale unaofanana na mnazi mfupi ingawa si wa jamaa yake, ulichimbwa kwa ajili ya bustani, na leo biashara yake ya kimataifa imebanwa na mikataba mikali. Anayenunua mpapindi mkubwa wenye udongo wa msitu kwenye mizizi yake, ajue kwamba amenunua kipande cha Ngezi kilichoibwa. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 ipo, na haina budi kuheshimiwa na wanunuzi wa Tanga kama inavyoheshimiwa na wenyeji.

Hatari nyingine ni ya maradhi. Ugonjwa unaoua minazi, ule unaoanza kwa kudondosha nazi changa na kuyageuza majani kuwa manjano hadi kilele kikaanguka, umeangamiza minazi mingi mno katika pwani ya bara. Hauna dawa ya kumponya mkulima hasara yake. Kwa sababu hiyo miche ya jamaa yoyote ya mnazi, pamoja na udongo wake, isivushwe mkondo kiholela, na hasa isitoke bara kwenda visiwani. Kinachopaswa kusafiri ni mbegu, zikiwa zimesafishwa na kukaguliwa, na vibali vikiwa mkononi. Ofisa wa afya ya mimea anayemzuia abiria mwenye mche kapuni hamwonei. Analinda mnazi wa bibi yake abiria huyo.

Kuotesha mbegu hizo si kazi ya kutisha. Mbegu za jamaa hii kwa kawaida hazipendi kukauka. Ikiwekwa kabatini miezi mingi hufa. Basi tunda lichumwe likiwa limeiva, nyama yake nyekundu iondolewe, mbegu ilowekwe siku moja au mbili, kisha iatikwe katika mchanga uliochanganywa na mboji ya majani, mahali penye kivuli na unyevu usiokatika. Mwotaji awe na subira, kwa kuwa kuchipua kwake hupimwa kwa miezi wala si kwa siku. Mche ukitoa majani machache, uhamishiwe mfukoni, ukae kivulini mwaka au miwili, ndipo upandikizwe masika yakianza ili mizizi ipate msimu mzima wa mvua. Samadi iliyooza vizuri inatosha. Mwenye haraka apande mbaazi.

Nani afanye nini? Kwa idara ya misitu Pemba, tunaomba iangalie uwezekano wa kuvuna sehemu ndogo tu ya mbegu kila mwaka, kwa kipimo cha wataalamu, na kuziotesha katika vitalu vya vijiji vinavyouzunguka msitu wa Ngezi. Nyingi zaidi ziachiwe msitu wenyewe, na ndege na popo wanaokula matunda. Kwa Halmashauri ya Jiji la Tanga, tunaomba mti huu upewe nafasi katika mipango ya upandaji, kwa kununua miche kutoka vitalu hivyo vya halali, na kuipanda mahali pa kivuli penye mlinzi: nyua za shule, za zahanati, na bustani za umma zilizo na miti mikubwa. Kila mche uwe na kibao kinachotaja jina lake na kwao. Mtoto wa Chumbageni asomaye kila asubuhi kwamba mti huu kwao ni Pemba peke yake, atakuwa amejifunza jiografia na ujirani kwa pamoja.

Na kwa watu wa Pemba, tuna neno la heshima. Wapo watakaouliza kama msitu unalipa. Tunawakumbusha habari yao wenyewe. Katika miaka ya 1990 wataalamu walihofu kwamba popo wa Pemba, aliyekuwa akiwindwa kwa kitoweo, angetoweka. Vijiji vikaunda vikundi vya kumlinda, Kidike ikawa mahali ambapo wageni huja kumtazama, na idadi yake ikapanda tena. Waliomwokoa ni wanavijiji walioona kwamba akiwa hai ana faida kuliko akiwa chunguni. Kilichowezekana kwa popo hakishindikani kwa mpapindi. Lakini faida hiyo lazima iwafikie walinzi wake. Mwanakijiji anayekaa jirani na msitu na kukatazwa kuni, akaona mbegu za msitu ule zikitajirisha watu wa mijini, hatakuwa na sababu ya kuulinda, na sisi hatutakuwa na uso wa kumlaumu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi hii iliendesha kampeni iliyosema kwamba misitu ni mali. Kauli ile haijazeeka. Mali, hata hivyo, ina namna mbili za kutumiwa: kuna kula mtaji na kuna kula faida. Kung'oa mpapindi Ngezi ni kula mtaji. Kuotesha mbegu yake, kuutunza mche wake kivulini na kumlipa aliyeulinda mti mama, hiyo ndiyo faida, na ni faida isiyokwisha mradi msitu upo.

Masika ijayo mashimo yatachimbwa tena. Tunawaomba viongozi wetu, kabla ya kutoa hesabu ya miche iliyopandwa, waitembelee miche ya mwaka uliopita na kuhesabu iliyo hai. Kisha watazame chini ya miembe na miarobaini ya mji wetu, mahali palipoachwa tupu kwa kudhaniwa kuwa hapafai, na waikumbuke jamaa moja ya miti, upande wa pili wa mkondo, ambayo tangu hapo haikuomba kitu kingine ila kivuli.